Macho hayana pazia: Usidanganywe na weusi wa miwani

WAHENGA walinena kwamba macho hayana pazia. Walikuwa na maana kuwa jicho huona lolote lililo mbele yake, liwe jema au baya, na mwenyewe hana la kufanya. Lakini methali hiyo ina ukweli mwingine ambao huenda wewe msomaji hukuwahi kuufikiria. Kila unachokiona hukufikia kwa njia ya nuru, na nuru hiyo kabla ya kuingia jichoni huwa imepenya vitu vingi: hewa, mawingu, kioo cha dirisha, labda miwani. Baadhi ya nuru hiyo huonekana. Nyingine haionekani kamwe, ilhali huingia na kufanya kazi yake kimyakimya.

Hapo ndipo penye tatizo. Wengi wetu tumezoea kupima kwa macho tu. Kitu kikiwa cheusi tunasema kinazuia jua, na kikiwa safi na cheupe tunasema kinapitisha kila kitu. Kipimo hicho chatosha unapochagua pazia la chumba cha kulala. Hakitoshi hata kidogo unapomnunulia mtoto miwani ya jua, unapomwacha ndani ya gari, au yeye mwenyewe anaposimama kando ya barabara kumtazama fundi akichomelea vyuma.

Makundi matatu

Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi atakwambia kwamba nuru ikigonga kitu, mambo matatu yaweza kutokea. Kitu hicho chaweza kuipitisha, kuirudisha au kuimeza. Kwa sababu hiyo, vitu vyote vilivyo nyumbani mwako vyaweza kutiwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la vitu vinavyopitisha nuru bila kuivuruga, kama vile kioo safi, maji matulivu na hewa. Ukitazama kupitia vitu hivyo unaona ng'ambo waziwazi. Kundi la pili ni la vitu vinavyopitisha nuru lakini vikaitawanya. Unaona mwangaza, lakini huwezi kutambua sura ya aliye upande wa pili. Kioo cha dirisha la bafu chenye mikwaruzo ni mfano mmoja, na mabati ya plastiki ambayo watu huyachanganya na yale ya chuma ili nyumba isiwe na giza ni mfano mwingine. Kundi la tatu ni la vitu ambavyo nuru haivipenyi, kama vile mbao, mawe na mwili wa binadamu. Hivi ndivyo vinavyotupa vivuli vyeusi.

Hata hivyo, usifikiri kwamba kitu kikiwa katika kundi moja hubaki humo milele. Fanya jaribio hili na watoto. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, uidondoshee mafuta ya kupikia, kisha uiinue mbele ya taa. Pale penye mafuta patang'aa na kupitisha mwangaza, nako kwingine kutabaki vilevile. Ni jambo ambalo umeliona mara nyingi kwenye karatasi iliyofungiwa mandazi.

Je, mafuta yamefanya nini? Karatasi imefumwa kwa nyuzinyuzi ndogo sana, na kati ya nyuzi hizo mna hewa. Nuru inapotoka kwenye hewa kuingia kwenye uzi, kisha ikatoka tena kwenye uzi kurudi hewani, hupinda na kutawanyika kila mara, hata sehemu kubwa yake ikarudi ilikotoka. Mafuta hujaza nafasi hizo za hewa, na kwa vile nuru husafiri ndani ya mafuta karibu sawa na inavyosafiri ndani ya nyuzi, haipati tena sababu ya kupinda. Inapita moja kwa moja.

Ukungu wa Limuru nao una siri kama hiyo. Kila tone la ukungu ni maji safi yanayopitisha nuru, lakini matone hayo yakiwa mamilioni hewani huitawanya nuru hadi mbele yako pakawa peupe kama maziwa. Ndiyo maana dereva anayewasha taa kali akiwa katikati ya ukungu hujidhuru mwenyewe, kwa sababu nuru ya gari lake humrudia usoni. Taa zilizoinamishwa chini humsaidia zaidi.

Funzo la kwanza, basi, ni kwamba kupitisha au kuzuia nuru hakutegemei tu kitu kimetengenezwa kwa nini. Kunategemea pia jinsi chembechembe zake zilivyopangwa, na unene wake. Maji ya glasi hayazuii nuru, lakini ukishuka baharini kupita mita 200 nuru ya jua huwa hafifu mno, na kupita mita 1,000 ni giza totoro.

Nuru usiyoiona

Funzo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nuru ya jua si kitu kimoja. Upinde wa mvua hutuonyesha kwamba ni mchanganyiko wa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau, na kila rangi ina urefu wake wa mawimbi. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kati ya nanometa 400 na 700 hivi. Ukitaka kujua udogo wa nanometa, chukua milimita moja uigawanye mara milioni moja.

Nje ya mipaka hiyo kuna miale mingine. Ng'ambo ya nyekundu kuna miale ya joto, ambayo huioni lakini unaihisi ukikaa karibu na jiko la makaa. Ng'ambo ya zambarau kuna miale ambayo wataalamu huiita urujuanimno, na ambayo kwenye lebo za miwani na mafuta ya ngozi huandikwa kwa herufi mbili tu, UV. Miale hii huioni wala huihisi wakati inapokupiga. Utayaona matokeo yake baadaye.

Sasa tazama kioo cha dirisha lako. Kwa jicho ni kama hakuna kitu. Lakini kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya UV-B, ile inayochoma ngozi, na papo hapo kinapitisha sehemu kubwa ya UV-A, ile inayopausha rangi ya pazia na viti vilivyo karibu na dirisha. Kwa hivyo kioo hichohicho ni ukuta kwa miale mmoja na mlango wazi kwa mwingine. Chupa ya kahawia ya dawa nayo huonekana kama imetiwa rangi kwa urembo. Sivyo. Rangi hiyo humeza nuru ya samawati na UV ambayo ingeharibu dawa iliyomo, na ndiyo sababu hufai kuihamishia dawa hiyo kwenye kichupa cheupe.

Joto lililofungiwa

Kioo kina tabia nyingine ambayo kila mzazi mwenye gari anapaswa kuijua. Nuru ya jua hupenya madirisha ya gari kwa urahisi, ikaangukia viti na usukani, navyo vikaimeza na kupata joto. Viti hivyo hutoa miale yake ya joto, lakini mawimbi ya miale hiyo ni marefu kuliko yale yaliyoingia, na kioo hakiyapitishi. Zaidi ya hayo, hewa iliyopashwa moto imefungiwa ndani na haina pa kutokea. Kilichoingia kama nuru kimegeuka joto, na mlango umefungwa.

Watafiti wa Marekani waliopima magari yaliyoegeshwa juani waligundua kwamba joto la ndani liliongezeka kwa wastani wa digrii 22 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Hii ni hata siku ambazo nje hapakuwa na joto jingi. Kufungua dirisha kidogo hakukuleta tofauti kubwa. Kwa hivyo hali ya hewa ya Nairobi isikufanye ujiambie kwamba mtoto atavumilia uingie dukani mara moja. Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wako. Shuka naye.

Miwani ya jua

Turudi sasa kwenye macho. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na miji yetu mingi iko nyanda za juu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba kila unapopanda mita 1,000, miale ya UV huongezeka kwa karibu asilimia 10. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Isitoshe, lenzi ya jicho la mtoto bado ni safi mno na hupitisha UV nyingi kufikia ndani kuliko jicho la mtu mzima.

Mzazi mwema humnunulia mwanawe miwani myeusi, akaamini amemkinga. Lakini weusi wa miwani ni jambo moja na kuzuia UV ni jambo jingine kabisa. Weusi hupunguza nuru inayoonekana tu. Kinachozuia UV ni aina ya plastiki iliyotumiwa au dawa iliyopakwa juu ya lenzi, na dawa hiyo yaweza kuwa haina rangi hata kidogo. Ndiyo maana kuna miwani meupe ya kusomea inayozuia karibu UV yote, na mingine myeusi tititi inayoiachilia ipite.

Hiyo ya pili yaweza kuwa mibaya kuliko kutovaa miwani kabisa. Mwili una pazia lake dogo, nalo ni mboni. Penye nuru kali mboni husinyaa na macho hukodolewa nusu. Unapovaa miwani myeusi, jicho hudhani jioni imefika, mboni ikapanuka na kope zikafunguka. Ikiwa lenzi haizuii UV, basi umelifungulia mlango adui usiyemwona.

Hapa hatusemi kwamba miwani yote inayouzwa kando ya barabara ni mibaya, wala kwamba ya bei ghali yote ni mizuri. Tunasema kwamba huwezi kujua kwa kutazama. Tafuta maandishi ya UV400, yaani inazuia miale yote yenye mawimbi mafupi kuliko nanometa 400. Na kwa kuwa lebo yaweza kubandikwa na mtu yeyote, ipeleke miwani hiyo kwa duka la wataalamu wa macho, ambao wengi wana mashine ya kuipima kwa dakika chache.

Kuna pia jaribio la haraka, ingawa si la kutegemewa kama mashine. Wenye maduka na maajenti wa M-Pesa huwa na taa ndogo ya rangi ya zambarau ya kutambua noti bandia. Taa hiyo hutoa UV-A, na noti halali ikimulikwa, baadhi ya alama zake hung'aa. Omba kumulika noti, kisha uweke lenzi ya miwani kati ya taa na noti. Alama zikiacha kung'aa, lenzi inazuia miale hiyo. Zikiendelea kung'aa, miwani hiyo ni pambo tu. Usiitazame taa yenyewe.

Moto wa samawati

Nenda Kamukunji, Gikomba au mtaa wowote wenye mafundi wa jua kali, na utawakuta vijana wakichomelea vyuma kwa umeme huku wamevaa miwani ya jua ya kawaida. Wengine hufumba macho na kugeuza uso. Watoto wanaotoka shuleni nao husimama kutazama cheche na ule moto wa samawati unaovutia.

Moto huo hutoa UV nyingi mno, na humpiga hata anayesimama kando. Wakati wa kutazama hakuna maumivu. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, macho huanza kuwasha kana kwamba yametiwa mchanga, yakawa mekundu na kutiririka machozi, na mwenyewe hawezi kuvumilia mwangaza. Ngozi ya nje ya jicho imeungua, kama vile ngozi ya mwili inavyoungua juani. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini kurudia kila siku kuna madhara yake. Usimtie mtoto maziwa wala dawa ya kuokota. Mpeleke kwa daktari.

Kioo halisi cha kuchomelea hupewa nambari kulingana na kiasi cha nuru kinachopitisha. Kwa kazi ya umeme, mafundi hutakiwa kutumia kwa kawaida nambari 10 hadi 13, kulingana na nguvu ya mashine. Ikiwa una ndugu au mwana katika kazi hii, zawadi ya kofia yenye kioo hicho ni bora kuliko shati. Nao watoto wafunzwe sheria moja: ukiona moto wa samawati, geuza uso na uendelee na safari.

Jua likipatwa

Wakenya wengi wanakumbuka asubuhi ya 15 Januari 2010, jua lilipobaki kama pete juu ya nchi yetu, na alasiri ya 3 Novemba 2013, lilipofunikwa kabisa huko Turkana na kwa sehemu kwingineko. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Litafunikwa lote katika nchi kama Misri na Saudi Arabia, nasi hapa Kenya tutaona sehemu tu ikifunikwa. Hii ina maana kwamba hakutakuwa na dakika hata moja ya kulitazama kwa macho matupu.

Siku kama hizo watu hutoa vioo vilivyopakwa masizi, filamu za eksirei, na karai la maji la kutazamia jua lililo ndani yake. Vyote hivyo ni vyeusi au hafifu kwa jicho tu, navyo haviaminiki. Miwani ya jua ya kawaida hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya nuru. Kifaa salama cha kutazamia jua hupitisha karibu sehemu moja tu kati ya 30,000, na huwa kimeandikwa ISO 12312-2. Kioo cha kuchomelea cha nambari 14 pia hufaa. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina mishipa ya maumivu. Yaweza kuungua nawe usihisi lolote, hadi utakaposhindwa kusoma ubao.

Njia rahisi kwa familia ni kutoboa tundu dogo kwenye kadibodi, kulipa jua mgongo, na kutazama picha ya jua ikianguka kwenye karatasi nyeupe. Hapo kadibodi isiyopitisha nuru ndiyo inayokuonyesha jua.

Miale yenye faida

Ili tusiwe wenye kulaumu tu, inafaa tueleze kwamba UV inayodhuru macho huua viini vya maradhi pia. Chupa nyeupe ya plastiki ya lita 2 au chini ya hapo hupitisha UV-A. Ukiijaza maji na kuilaza juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, miale hiyo ikisaidiwa na joto huua viini vingi vinavyosababisha kuhara. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyowekwa juani walipatwa na kuhara kukali mara chache kuliko wenzao.

Lakini maji yenye tope huizuia miale. Isimamishe chupa juu ya gazeti hili, utazame kutoka mdomoni mwake hadi chini. Usipoweza kusoma kichwa cha habari, maji hayo yachuje kwanza. Chupa ya rangi au iliyokwaruzika sana haifai.

Kioo kilicho ndani yako

Mwisho, kumbuka kwamba jicho lenyewe ni kitu cha kupitisha nuru. Ngozi yake ya mbele haina mishipa ya damu, na lenzi yake imejaa protini zilizopangwa kwa utaratibu mkamilifu, ndipo nuru ikapita. Vunja yai uone. Ute wake mbichi unapitisha nuru, na ukiupika unakuwa mweupe usioona ng'ambo. Protini ni zilezile, mpangilio tu ndio umevurugika. Katika lenzi ya jicho mvurugiko kama huo huja polepole kwa sababu ya umri, kisukari, sigara, na pia miaka mingi ya miale ya UV. Ndio ugonjwa tunaouita mtoto wa jicho, na ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya upofu duniani. Daktari aweza kuiondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya plastiki, lakini ile ya kwanza hairudi.

Nyanya yako akilalamika kwamba taa zina ukungu, usimwambie ni uzee tu. Mpeleke akapimwe. Naye mwanao akitaka miwani, kofia yenye ukingo mpana, au kitu kingine cha kumkinga na jua, mnunulie kwa kipimo na wala si kwa rangi. Macho hayana pazia, msomaji. Wewe ndiwe wa kuyatundikia, na kabla ya kutundika, hakikisha kitambaa chenyewe kinazuia.